Fundo Lililong'aa Asubuhi ya Wizi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi Utando ulitaja jina, na ukumbi mzima wa mtaa wa Ikonde ukavuta pumzi kwa pamoja.

Gwakisa Mwaisela. Miaka hamsini na sita. Fundi. Nyuzi hai: mbili. Uwezekano kwamba ndiye aliyeiba betri ya zahanati: tisini na moja kwa mia.

"Si nilisema?" mtu mmoja alisema kutoka viti vya nyuma. "Mtu haonekani msibani, haonekani harusini. Anaishi na nani yule?"

Atuganile Mwasomola alikuwa amesimama kando ya skrini, amejaa furaha ya kazi. Siku mbili nzima mtaa haukuwa na usingizi. Tangu gereza la wilaya lifungwe miaka kumi na moja iliyopita, na vyumba vyake vigeuzwe kuwa mahali pa kukaushia pareto, hapakuwa na wizi mkubwa kama huu. Na sasa Utando umejibu. Yeye ndiye aliyeulisha maswali.

Alikuwa mshonaji wa mtaa kwa mwaka wa tisa. Kila mkazi wa Ikonde alivaa kifungo kidogo kwenye kola. Kifungo hakikusikia maneno. Kilisoma mapigo ya moyo na umbali wa mtu na mtu, kikajua nani amecheka na nani, nani amebeba mzigo wa nani, nani amekaa matangani mpaka majamvi yakakunjwa. Kutokana na hayo, mashine ya Utando ilichora uzi kati yao. Uzi ulipolegea, Atuganile alikwenda kugonga mlango. Alimwingiza mmoja kwenye timu ya mpira, mwingine kwenye kamati ya mazishi, mwingine kwenye zamu ya kuvuna viazi. Wahalifu walipungua mwaka hadi mwaka, kwa sababu mtu anayejulikana na watu mia hana mahali pa kuficha uso wake.

Walioshindikana walipelekwa Kambi ya Undugu, bondeni, mwendo wa siku nzima kwa gari, wakakae miaka mitatu wakifundishwa kuishi na wenzao.

Mwenyekiti wa mtaa, Ambakisye, mzee mnene mwenye sauti ya upole, aligonga meza. "Ndugu zangu, mnajua hali. Ukungu una siku ya nne, paneli za sola hazipati kitu. Zahanati imebaki na betri moja, na kuna mtoto njiti kwenye kitanda cha joto. Muuguzi anasema umeme unafika saa tisa alasiri, haupiti hapo. Tukimhoji huyu mtu vizuri, atatuonyesha alikoificha. Gari la kambi linakuja saa nane. Je, yupo wa kumsemea?"

Hakuna mkono ulioinuka. Mtu mmoja alikohoa.

"Basi mshonaji aende akamsomee amri. Akirudi, atie saini."

Wanawake wa Kikundi cha Machela, waliokaa mstari wa mbele kama kawaida yao, walimpisha Atuganile apite. Kiongozi wao, Mama Subilaga, alimshika mkono. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, Atuganile akiwa na miaka sita. Uzi wao ulikuwa mnene kuliko wowote alio nao Atuganile.

"Nenda na koti, mwanangu," Mama Subilaga alisema. "Kule juu kuna baridi." Kiganja chake kilikuwa na jasho.

*

Nyumba ya Gwakisa ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Alimkuta uani, amechuchumaa mbele ya pampu iliyofumuliwa, vipande vyake vimepangwa juu ya gunia kwa ukubwa wake. Hakuwa na kifungo kwenye kola. Kilikuwa dirishani, ndani ya kikombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinuka. "Wamekutuma."

Atuganile alisoma amri. Sauti yake ilikuwa imara mpaka alipofika kwenye maneno *kwa kuwa hana wa kumsemea*, hapo akayapitia haraka. Gwakisa alisikiliza huku akifuta bomba kwa kitambaa.

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Juu, kwenye chanzo cha maji. Kila siku niko huko alfajiri. Majani yanaziba chujio. Nisipoyatoa, mtaa wenu hauna maji ifikapo saa mbili."

"Mtaa wetu?"

"Wenu."

"Nani alikutuma kufanya hivyo?"

"Marehemu mke wangu ndiye alikuwa na kazi hiyo. Alipofariki, hakuna aliyeuliza nani atafanya. Maji yaliendelea kutoka, nani angeuliza?"

Atuganile alitazama kikombe dirishani. "Ungevaa kifungo, Utando ungejua."

"Ungejua niko peke yangu msituni. Hilo unalijua tayari." Aliweka bomba chini. "Binti, mimi sibishani na mashine. Lakini nikuulize jambo la kifundi. Ile betri umewahi kuiona?"

"Nimeiona."

"Ina kilo themanini na mbili. Niliifunga mimi, na tulikuwa wanaume wanne kuipandisha. Mimi nina mgongo mmoja, tena mbovu."

Akarudi kwenye pampu yake, kama mtu aliyetaja tu hali ya hewa.

Atuganile alibaki amesimama. Kisha kitu kikamruka kifuani. Kilo themanini na mbili. Siku mbili walikuwa wakiuliza Utando *ni nani aliye peke yake*, wakati kazi yenyewe haikuwezekana kufanywa na mtu aliye peke yake.

"Nakuja," alisema, akageuka, akashuka mlima mbio, koti likimpepea, akiteleza kwenye tope na kuinuka.

*

Ofisi ya Utando ilikuwa tupu. Watu wote walikuwa bado ukumbini. Alifunga mlango, akaketi bila kuvua koti, akaifungua ramani ya Jumanne.

Ramani ya asubuhi ilikuwa nzuri siku zote. Nyumba zilionekana kama punje za mwanga, na nyuzi kati yake zilififia na kuwaka watu walipoamka na kusalimiana. Alizoea kutafuta giza. Safari hii aliamuru mashine itafute kinyume chake: kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja, karibu na zahanati, wapi watu waliwaka zaidi ya kawaida?

Mashine ilijibu kabla hajaondoa kidole.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne, hatua thelathini nyuma ya zahanati, nyuzi ishirini na moja ziliwaka kwa mpigo. Watu saba, kila mmoja ameunganika na wenzake wote sita. Mioyo yao ilipiga kwa kasi moja, wakaenda pamoja hatua kwa hatua kwa dakika ishirini na mbili, taratibu, kama watu wanaobeba kitu kizito. Lilikuwa fundo zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona. Utando wenyewe ulivutiwa nalo: pembeni palikuwa na maandishi ya kijani, yaliyotumwa mtaani kote siku ile ile, yakiwapongeza hao saba kwa mshikamano wa kupigiwa mfano.

Alibonyeza kuona majina, ingawa alishayajua. Kikundi cha Machela. Wanawake saba waliobeba wagonjwa wa Ikonde kwa mabega yao tangu barabara ya zahanati ilipokatika. Machela yao ikipita imefunikwa blanketi, wanaume huvua kofia na watoto hukaa kando ya njia. Nani angeinua blanketi la Mama Subilaga aulize kuna nini chini?

Furaha iliyomleta mbio ilikuwa bado inamdunda kifuani, na jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la aliyemlea. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu.

*

Mama Subilaga alikuwa amesharudi kutoka ukumbini, anamenya viazi jikoni. Alimtazama Atuganile usoni mara moja tu, akaweka kisu chini.

"Umeona."

"Nimeona, mama. Iko wapi?"

Hakukana. Alijifuta mikono, akatangulia mpaka kwenye ghala la viazi nyuma ya nyumba, akasogeza magunia mawili. Nyuma yake palikuwa na mlango mdogo, na nyuma ya mlango palikuwa na kitanda, na juu ya kitanda alilala Ipyana, mwana wa Mama Subilaga.

Miaka miwili Atuganile hakuwa amemwona. Walilelewa nyumba moja, wakala sahani moja. Alikuwa mtu wa kukaa kimya, wa kupenda vitabu na matembezi ya peke yake, na nyuzi zake ziliisha moja baada ya nyingine mpaka Utando ukatoa amri. Saini kwenye amri ile ilikuwa ya Atuganile. Sasa mashavu yalikuwa yameingia ndani, na mpira mwembamba ulitoka puani mwake ukaenda kwenye mashine ya oksijeni iliyonguruma taratibu. Waya wa mashine uliishia kwenye betri.

"Dada," Ipyana alisema. Hakuweza kusema zaidi.

"Alitoroka kambini miezi minne iliyopita," Mama Subilaga alisema. "Mapafu yameoza kwa vumbi la kule bondeni. Nimpeleke zahanati? Mlango wenyewe unamtambua mtoro hata akivua kifungo. Kabla hajalazwa, gari lingekuwa limeshaitwa. Mashine tuliipata kwa mtu. Umeme hatukuwa nao."

"Kuna mtoto njiti, mama."

"Jumanne hakuwepo. Kulikuwa na betri mbili na jua lilitarajiwa. Unadhani napata usingizi nikimfikiria? Kila nikisikia pumzi ya huyu, naihesabu ya yule."

"Na Mzee Gwakisa je? Asubuhi ulikaa mstari wa mbele. Mwenyekiti aliuliza nani wa kumsemea."

Mama Subilaga alitazama pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu Atuganile amjue, alionekana mzee. "Hana mtu," alisema polepole. "Akienda, hakuna mji utakaolia. Nikienda mimi, kikundi kinavunjika, na kikundi kikivunjika nani atabeba wagonjwa? Watu wakijua ni sisi, nani atamwamini nani tena hapa Ikonde? Watarudi kufunga milango kwa kufuli. Watafungua lile gereza. Nilipima, mwanangu. Mmoja kwa mtaa mzima."

"Hivyo hivyo ndivyo nilivyopima mimi siku ile nilipotia saini ya Ipyana."

Mashine ilivuta hewa, ikatoa.

"Ungeweza kunyamaza," Mama Subilaga alisema mwishowe. "Tungesema betri imeokotwa msituni. Tungeirudisha."

"Na Ipyana angepumua nini?"

Mama yule alifunika uso kwa kanga.

Atuganile aliinama, akamgusa Ipyana kwenye paji la uso. Lilikuwa la moto. Alitaka Ipyana amkataze, au amwambie aende. Ipyana alimtazama tu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kukaa nyuma ya magunia.

*

Gari la kambi lilifika saa nane kasorobo, na watu wakajaa uwanjani mbele ya ukumbi, Kikundi cha Machela kimeketi mstari wa mbele kama kawaida. Gwakisa alisimama karibu na mlango wa gari na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa amevaa kifungo chake, kwa kuwa sheria ilimtaka.

Mwenyekiti Ambakisye alimpa Atuganile kalamu. "Saini, binti yangu. Muda hatuna."

"Sisaini, mwenyekiti. Si yeye."

Akaeleza. Alianza na uzito wa betri, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kusema. Wanaume waliowahi kuibeba walitazamana, wakaanza kutikisa vichwa. Kisha akaeleza alivyoigeuza ramani. "Tumefundishwa kwamba penye nyuzi nyingi hakuna mwizi," alisema, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyosikika mpaka mwisho wa uwanja. "Ni kweli nusu. Nyuzi zinamzuia mtu asimwibie aliyefungwa naye. Lakini zinampa pia watu wa kumsaidia kubeba, na watu wa kumfichia, na watu wa kutomuuliza. Jumanne asubuhi machela ilipita na sisi sote tuliipisha. Mimi pia niliipisha."

Hakutaja jina. Haikuhitajika. Vichwa viligeuka mstari wa mbele kimoja kimoja.

Kifungo kwenye kola yake kilitetemeka. Hivyo ndivyo kinavyofanya uzi unapokatika, mtetemo mmoja mfupi, na kwa kawaida mtu huusikia mara mbili tatu kwa mwaka. Kikatetemeka tena. Kikatetemeka bila kukoma, kama simu inayoita, watu aliokula nao na kuzika nao wakimwondoa mioyoni mwao mmoja baada ya mwingine pale pale walipokuwa wamesimama. "Mama aliyekulea," mwanamke mmoja alisema, na kutema mate chini. Atuganile alishika kola yake kwa mkono na kuendelea kusimama. Kichwa chake kilikuwa chepesi ajabu, kama cha mtu aliyetua gunia.

Mama Subilaga aliinuka.

"Ni mimi," alisema. "Hawa sita niliwaita mimi. Betri iko ghalani kwangu, na mwanangu Ipyana yuko hapo, na bila hiyo hapumui. Nilijua Gwakisa hana kosa. Asubuhi nilinyamaza nikijua." Akamgeukia fundi. "Nilinyamaza nikijua, Gwakisa."

Gwakisa alitazama saa yake.

"Ni saa nane na robo," alisema. "Betri ile ikiunganishwa vibaya inaungua. Mimi tu ndiye ninayejua nyaya zake. Mtaendelea kuongea, au mtaniletea?"

Uwanja ulilipuka kwa miguu. Hakuna aliyeamrisha. Wanaume kumi walikimbilia ghalani, na Kikundi cha Machela kikawapita, kwa kuwa kilijua njia. Walimtoa Ipyana kwanza, mashine na betri vikiwa pamoja naye ili pumzi isikatike: machela ya mgonjwa mbele, ya betri nyuma, waya umening'inia katikati, na Atuganile akiushika waya ule kwa mikono miwili usiguse tope. Walipanda mlima wa zahanati nusu wakikimbia. Mabega yalipochoka, mabega mengine yaliingia. Dereva wa gari la kambi naye alijikuta ameshika mpini wa machela, na baadaye alisema hakumbuki aliushika saa ngapi.

Mlangoni mwa zahanati kisomeo kilitoa mlio mrefu. Maandishi yakawaka: mtoro wa kambi. Watu wakasimama. Muuguzi, mwanamke mfupi aliyekuwa akihofia tangu asubuhi kwamba yule mtoto njiti angemfia mikononi, aliinua mkono na kuzima kisomeo kwenye swichi.

"Piteni," alisema.

Gwakisa alikuwa tayari amelala chali chini ya ubao wa umeme, tochi mdomoni. Aliomba koleo, aliomba kitambaa kikavu, aliomba kimya. Atuganile alihamisha mpira wa Ipyana kwenye mtungi wa oksijeni wa zahanati. Saa nane na dakika hamsini na mbili taa ya kitanda cha joto ilififia, ikawa nyekundu, na mama wa yule mtoto akaanza kusali kwa sauti. Chini ya ubao kitu kililia *tak*. Taa ikarudi, nyeupe, thabiti.

Watu walipiga kelele mpaka muuguzi akawatoa nje.

*

Mkutano uliofuata ulichukua siku tatu. Mwenyekiti Ambakisye alisimamisha amri zote za kuhamisha watu mpaka mtaa uzipigie kura, na Ipyana akabaki zahanati kama mgonjwa mwingine yeyote. Wanawake saba walipewa msimu mzima wa kuchotea zahanati maji na kufua, na kikundi kilipata kiongozi mpya. Wengine walisema adhabu ni ndogo. Wengine hawakumsalimia Atuganile tena. Nyuzi zake zilikuwa sitini na moja asubuhi ile. Zilibaki kumi na mbili. Aliomba aendelee na kazi, ila aondolewe mamlaka ya kutia saini, na walimkubalia yote mawili.

Wale sita walikwenda kwa Gwakisa kuomba radhi, kila mmoja siku yake. Watatu wa kwanza hakuwafungulia. Wa nne alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Wa tano na wa sita aliwasikiliza na kuwaambia amesikia.

Mama Subilaga alikwenda wa mwisho. Alimwomba Atuganile amsindikize, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu siku ile. Walipanda mpaka nyumba ya mwisho. Ukungu ulikuwa umerudi na upepo wa mlimani ulikata masikio. Mama Subilaga alibisha hodi mara mbili, akasubiri, akabisha tena.

Gwakisa alifungua. Alimtazama yeye, akamtazama Atuganile, akatazama upepo unavyoinamisha miti.

"Sijakusamehe," alimwambia Mama Subilaga. "Usije ukaenda kusema huko chini kwamba nimekusamehe."

"Sitasema."

"Ingieni basi. Kuna baridi, na chai ipo."